Mwizi wa Bima Hafanyi Kazi Peke Yake

Tangu Agosti 2025, Waziri wa Afya wa Kenya Aden Duale alipoanza kusimamisha hospitali na zahanati kwa tuhuma za kuipora Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kukabidhi mafaili ya baadhi yao kwa makachero wa DCI, mazungumzo yetu kuhusu wizi huo yamefuata mkondo mmoja. Kuna mwizi, naye ni mwenye kituo cha kibinafsi huko mashinani. Kuna mlinzi, naye ni mfumo mpya wa kidijitali unaonasa madai yasiyoeleweka. Na kuna mwisho mwema unaosubiriwa, yaani pingu. Nayasikia haya redioni asubuhi na nayasikia tena kwenye matatu jioni, na kila mara naona tumekosea mahali pa kutazama. Kilichofichuka ni kipande cha biashara kongwe yenye mikono mingi. Haiwezi kusimama hata mwezi mmoja bila mtu wa ndani, na inadumu kwa sababu mgonjwa, ambaye jina na mwili wake ndiyo mtaji wenyewe, haoni kamwe karatasi iliyoandikwa kwa niaba yake. Hilo lisipobadilika, watu watakamatwa na biashara itaendelea na watu wengine.

Nitapitia kwenye sinema kwanza, kwa sababu naamini sinema ndiyo iliyotuzoesha kuuona wizi wa bima kama ujanja wa mtu mmoja au wawili. Filamu za uhalifu zinazohusu bima zina desturi yake: mume ana bima ya maisha, mke ana hawara, na kampuni ina mpelelezi mwenye pua kali. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Phyllis Dietrichson na Walter Neff wanamuua mume wa Phyllis, kisha wanaulaza mwili kwenye reli ionekane kwamba marehemu ameanguka kutoka kwenye treni, maana kifo cha aina hiyo kinalipwa mara mbili. Watu wengi wanaoitazama hubaki na sura ya mwanamke mwovu kichwani. Kinachowapita ni kwamba Neff ni wakala wa kampuni ileile inayoibiwa. Ni yeye aliyemwekea mume karatasi mbele akaitia sahihi akidhani ni ya bima ya gari, kumbe anasaini bei ya kifo chake. Ni yeye anayejua ni dai la namna gani litapita na la namna gani litazuiwa. Na Keyes, mkuu wa madai ambaye haamini mtu, anamchunguza kila mtu isipokuwa mwenzake wa ofisini. Ukiiangalia vizuri, filamu ile inatuambia kwamba bila mtu wa ndani hakuna dai, na bila sahihi ya mtu asiyejua anachosaini hakuna hata faili la kuanzia.

Kisa cha kweli kilichoizaa hadithi hiyo kina funzo lilelile. Mwaka 1927, huko Queens, New York, Ruth Snyder na hawara wake Judd Gray walimuua Albert Snyder, mumewe Ruth. Wote wawili waliuawa kwenye kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing Januari 1928, na magazeti ya wakati ule yalijaza kurasa kwa picha na habari za mwanamke huyo. Bima aliyowekewa marehemu bila yeye kuelewa ilipatikana kwa msaada wa wakala wa bima, ambaye baadaye alifukuzwa kazi na kufungwa kwa kughushi. Ni wangapi wanamkumbuka wakala huyo? Jamii ilipata mtu wa kumchukia ikatosheka, na maswali kuhusu ofisi iliyoandika bima ile yakabaki kwa wachache.

Filamu iliyoniondoa kabisa kwenye mazoea hayo ni ya Argentina, Carancho, ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Pablo Trapero na kuonyeshwa mwaka huo katika tamasha la Cannes. Inaanza kwa takwimu badala ya maiti: zaidi ya watu 8,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za nchi hiyo, kama 22 kwa siku, na zaidi ya 120,000 hujeruhiwa. Halafu inatuonyesha takwimu hizo zinavyogeuzwa soko. Sosa, anayeigizwa na Ricardo Darín, ni wakili aliyepoteza leseni. Usiku anazunguka vituo vya polisi, hospitali na hata mazishi akitafuta majeruhi na wafiwa. Anawasainisha hati ya kuwawakilisha, shirika analofanyia kazi linadai fidia kwa kampuni ya bima, pesa zinatoka, na mwenye mguu uliovunjika anapewa sehemu ndogo huku nyingine ikigawanywa njiani. Luján, daktari kijana wa ambulensi anayeigizwa na Martina Gusman, amechoka kiasi cha kujidunga dawa ili amalize zamu. Polisi wanajua. Watu wa hospitali wanajua. Kila mmoja anachukua chake kidogo, na kwa kuwa ni kidogo, kila mmoja anaweza kujiambia kwamba yeye si mwizi.

Kuna tukio moja katika filamu hiyo ambalo sijaweza kulisahau. Mtu mwenye dhiki anakubali avunjwe mguu kwa nyundo kubwa, kisha agongwe na gari, ili apate fidia. Sosa mwenyewe ndiye anayeishika ile nyundo. Kazi inafanyika taratibu, kwa makubaliano, karibu kwa upole. Kisha mambo yanaharibika na yule mtu anakufa, na ambulensi inayokuja ni ya Luján. Trapero angeweza kumfanya Sosa kuwa shetani. Amemfanya mtu wa kawaida aliyezoea, anayeamini kwamba anamsaidia maskini kupata chochote kutoka kwa kampuni ambayo isingemlipa kwa njia ya haki. Na hapo ndipo filamu hiyo inapowashinda waandishi wengi wa habari za ufisadi: inaonyesha kwamba udanganyifu huu unakula ukweli mwingine uliokuwepo tayari, yaani kwamba kampuni hailipi, mahakama inachelewa, na majeruhi hana mtu.

Nani kati yetu Kenya hajui barabara ya namna hiyo? Mwaka 2024 tulizika zaidi ya watu 4,700 waliokufa katika ajali za barabarani. Anayenusurika anaanza safari nyingine: abstrakti ya polisi, fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ripoti ya daktari, wakili, kesi. Kila kituo cha safari hiyo kina mlango, na kila mlango una mtu. Kuna mawakala wanaofika wodini kabla ya jamaa, wakiwa na fomu na kalamu. Kuna kesi za majeruhi ambao hawakuwa ndani ya gari siku ile, na ripoti zinazogeuza mchubuko kuwa ulemavu wa asilimia fulani. Kampuni za bima zimelalamikia haya kwa miaka mingi, na katika hilo zina haki. Lakini tazama pia upande wa pili wa meza. Kenya National Assurance ilianguka mwaka 1996. United ikafuata mwaka 2005, Standard mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, na mwaka 2024 ikawa zamu ya Invesco, iliyojulikana sana kwa bima za matatu. Kila moja ilipoanguka iliacha watu wenye hukumu za mahakama mkononi na hakuna wa kuwalipa. Sheria ya bima ya mtu wa tatu inaruhusu fidia ya hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, lakini Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, unaobeba mzigo kampuni ikifa, kwa miaka mingi ulikuwa na kikomo cha shilingi 250,000 kwa kila mdai. Mtu aliyekatwa mguu akashinda kesi anaambiwa apange foleni ya sehemu hiyo ndogo. Kuwataja mawakala wa wodini bila kutaja kampuni zilizokusanya ada za matatu kwa bei ambayo kila mtu sokoni alijua haiwezi kulipa madai ni kusimulia nusu ya kisa.

Nimeleta habari ya barabara kwa sababu bima ya afya imepita njia ileile, tofauti ikiwa tu kwamba hapa mwajiri anakata pesa kabla hujaziona. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali uliotangulia SHA, ulianzishwa mwaka 1966. Mwaka 2012 taifa liligutushwa na habari za kliniki hewa zilizotengewa mamilioni chini ya mpango wa matibabu ya watumishi wa umma. Mwaka 2023 uchunguzi wa wanahabari ulionyesha wazee wa Meru wakichukuliwa kwa ahadi ya matibabu ya bure, wakapelekwa mbali na kufanyiwa upasuaji ambao hawakuuelewa, ili bima ilipe. Wizara ikasimamisha hospitali kadhaa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi: asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo cha juu, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tuliahidiwa kwamba wizi umezikwa pamoja na NHIF. Haikupita hata mwaka mmoja waziri akawa anasoma orodha nyingine ya mbinu: wagonjwa wa nje wanaoandikwa kwamba wamelazwa, wagonjwa hewa, akina mama waliojifungua kwa kawaida wakaandikwa kwamba wamepasuliwa.

Mbinu hiyo ya mwisho inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mfumo mzima unaonekana. Kwa viwango vya SHA, kujifungua kwa kawaida hulipiwa shilingi 10,000 na kwa upasuaji shilingi 30,000. Mama ameingia, amejifungua salama, ameondoka na mtoto. Ili shilingi 20,000 za ziada zitoke, lazima mtu aandike upasuaji kwenye fomu. Lazima jina na leseni ya daktari vionekane kwenye dai hilo. Lazima mtu wa ukaguzi katika mamlaka alipitishe au asiliangalie. Lazima mtu wa malipo aachilie pesa. Na lazima mama asijue. Kituo kikifanya hivyo mara moja, linaweza kuwa kosa la karani. Kikifanya hivyo kwa miezi, basi kuna watu angalau wanne waliochoka, waliotishwa au waliolipwa. Sasa hesabu katika habari ulizosoma: ni wangapi kati ya hao wanne waliotajwa? Karibu kila mara ni mmoja, mwenye kituo.

Na kuhusu mama kutojua, nimeliona hilo kwa macho yangu. Nilimsindikiza shangazi yangu kliniki, kituo nisichokituhumu kwa lolote, siku ambazo uthibitisho ulikuwa bado wa nambari ya siri inayotumwa kwa simu. Karani akamwambia, "Mama, kuna namba imeingia kwa simu yako, nisomee." Shangazi akavaa miwani, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Akauliza, "Kwani imekuwa pesa ngapi?" Karani, kwa heshima kabisa, akajibu, "Usijali mama, SHA imelipa." Shangazi akashukuru, tukaondoka. Ile namba ndiyo ilikuwa sahihi yake. Ametia sahihi kwenye dai asilolijua, la kiasi asichokijua, kwa huduma ambazo hakuna aliyemsomea. Hakuna aliyemdanganya siku ile. Lakini kama kungekuwa na mtu aliyetaka kumdanganya, isingehitajika hila yoyote zaidi ya hiyo iliyo ya kila siku.

Nakubali kwamba serikali ina hoja. Hoja yake nzuri kuliko zote ni kwamba pasipo adhabu hakuna mfumo utakaoheshimiwa, na kwamba kwa miaka mingi NHIF iliibiwa na wengi walioiba hawakuonja jela. Ni kweli. Ningependa kuona kesi zikifika mwisho, na wenye vituo walioghushi majina ya wagonjwa wakirudisha kila shilingi. Sina huruma na daktari anayempasua mzee goti ili alipwe. Waziri pia amefanya jambo ambalo wengi waliomtangulia walilikwepa, la kutangaza majina hadharani. Lakini adhabu inayomfikia aliyeandika dai na kumruka aliyelipitisha inafundisha somo baya: kwamba kosa lako ni kutokuwa na mtu ndani.

Hospitali nazo zina hoja yao, na zinastahili kusikilizwa kuliko zinavyosikilizwa sasa. NHIF ilipofungwa iliacha deni la zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa watoa huduma. Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza vituo vinavyodai shilingi milioni 10 au chini ya hapo vilipwe kikamilifu, na vyenye madai makubwa zaidi vihakikiwe kwa siku 90. Chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kimelalamika mara kwa mara kwamba malipo yanachelewa na kwamba madai hukataliwa bila maelezo ya kutosha. Mwenye zahanati anayelipa wauguzi, umeme na dawa kila mwezi, kisha anangoja malipo asiyojua yatakuja lini, yumo katika jaribu kubwa la kuandika mawili pale palipo na moja, akitumaini kwamba moja litalipwa. Silihalalishi. Sosa naye alikuwa na sababu zake, na mtu bado alikufa. Ila mfumo unaochelewesha haki ya mkweli unamlisha mwongo, kwa sababu mwongo ameshaweka ucheleweshaji kwenye bei yake na mkweli hawezi. Zahanati ya mkweli inafunga mlango kwanza.

Hapa pia kuna jambo la takwimu ambalo limepotoshwa vibaya. Wizara ilisema madai ya zaidi ya shilingi bilioni 10 yalikataliwa. Mitandaoni kiasi hicho kiligeuka haraka kuwa bilioni 10 za wezi. Dai hukataliwa kwa sababu nyingi: hati inakosekana, huduma haimo kwenye mkataba wa kituo, nambari ya mgonjwa imeandikwa vibaya, kituo kimedai huduma ya ngazi isiyo yake. Mengine ni wizi mtupu. Kuyaweka yote kwenye kapu moja kunawapendeza wanasiasa, kwa sababu kila dai lililokataliwa linaonekana ushindi. Na kunawapendeza pia wezi halisi, ambao sasa wamejificha katikati ya makarani waliosahau mhuri.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba mashine itatuokoa. Inasemwa kwamba mfumo wa kidijitali hauna ndugu, hauna kabila, hauhongwi, na kwamba alama za vidole zikishachukua nafasi ya nambari za simu wizi utakuwa hauwezekani. Kidole kinathibitisha kwamba mtu fulani alikuwepo. Hakithibitishi alichofanyiwa. Mama yule aliyejifungua kwa kawaida alikuwepo kwa hakika, na angeweka kidole kwa furaha. Aliyeandika upasuaji angefanya hivyo baada ya kidole. Mfumo unaweza kugundua kwamba kituo kimoja kina upasuaji mwingi kupita kiasi, na hilo ni jema, ila bado kuna binadamu anayeamua onyo lipi lifuatiliwe na lipi lilale. Na mfumo wenyewe je? Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza katika ripoti iliyotoka Machi 2025 kwamba mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8 haumilikiwi na serikali, na kwamba ulipatikana nje ya bajeti na mpango wa ununuzi. Tunaambiwa tuamini mlinzi ambaye hatumjui bosi wake. Nashangaa jinsi swali hilo lilivyozimika baada ya majina ya zahanati kutangazwa, ilhali bilioni 104.8 ni karibu mara kumi ya madai yote yaliyokataliwa.

Wapo pia wanaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wezi, kwamba wanaazimana kadi na kukubali kulazwa bila ugonjwa. Hutokea. Lakini hebu tufuate pesa. Aliyeazima kadi amepata dawa za malaria. Mzee wa Meru amepata kovu. Yule wa Argentina alipata kifo. Mahali popote ninapoutazama wizi huu, mwenye mwili ndiye anayeondoka na kidogo kuliko wote, na ndiye wa kwanza kulaumiwa. Afrika Kusini ilitupa mfano wa kutisha kuliko wowote wa kubuniwa. Rosemary Ndlovu, askari polisi, alihukumiwa mwaka 2021 kwa kuwaua watu sita wa karibu naye, akiwemo mpenzi wake, ili apokee bima, katika kipindi cha kuanzia 2012 hadi alipokamatwa 2018. Kwa miaka hiyo yote kila kampuni ilikuwa na vifo vyake kwenye faili lake, na kila kituo cha polisi kilikuwa na jalada lake. Kila karatasi peke yake ilionekana safi. Picha nzima ilionekana pale mpelelezi mmoja, Sajenti Keshi Mabunda, alipoyaweka majalada pamoja na kuona jina lilelile likijirudia kama mpokeaji. Waliowekewa bima hawakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba maisha yao yamekatiwa bei na jamaa yao. Sioni kwa nini sheria yoyote ya bima iruhusu mtu mzima kuwekewa bima ya maisha bila yeye mwenyewe kuarifiwa moja kwa moja, kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa.

Na huko ndiko ninakotaka mjadala wetu uhamie. Kila dai ambalo SHA imelilipa linapaswa kumfikia mwenye jina siku hiyohiyo kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili: kituo fulani kimelipwa kiasi fulani kwa huduma fulani uliyopewa tarehe fulani, kama si kweli, piga nambari hii bila malipo. Ikitoka shilingi 50 kwenye M-Pesa ya shangazi yangu anaarifiwa kabla hajafunga mkoba. Zikitoka 30,000 kwa jina lake, ana haki hiyohiyo. Mama aliyejifungua kwa kawaida hatahitaji digrii ya uuguzi kujua kwamba hakupasuliwa. Kutakuwa na malalamiko ya uongo, na kutakuwa na wazee wasio na simu, ambao jamaa au mhudumu wa afya wa kijiji atalazimika kuwasomea. Ni kazi na ni gharama. Lakini mamilioni ya wakaguzi wasiolipwa, ambao kila mmoja anajua ukweli wa mwili wake, hawawezi kuhongwa wote, na hiyo ni nguvu ambayo hakuna mfumo wa bilioni 104.8 unayo.

Pamoja na hilo, malipo lazima yawe na tarehe. Dai halali lisilolipwa kwa muda uliowekwa liwe na riba, na dai lililokataliwa liwe na sababu iliyoandikwa na jina la afisa aliyelikataa. Jina la afisa aliyelipitisha nalo libaki kwenye rekodi, na rekodi hiyo ipatikane kwa Mkaguzi Mkuu bila kumwomba ruhusa mwenye mfumo. Karani na muuguzi wanaoona fomu zikibadilishwa usiku wanahitaji sheria ya kuwalinda. Kwa miaka mingi mswada wa kuwalinda watoa taarifa umezungushwa bungeni huku tukiwahimiza watu wajitokeze, na wanaojitokeza wanapoteza kazi. Haiwezekani kumtaka mtu wa mshahara wa kima cha chini ajitoe mhanga kwa ajili ya mfuko ambao wabunge wenyewe hawajaukingia kifua.

Mabadiliko haya yatawaudhi wengi walio na nguvu, tofauti na kufunga zahanati ya kijijini, ambako anayeudhika ni mjamzito anayelazimika sasa kwenda kituo cha mbali zaidi. Kwa sababu hiyo sitapima mapambano haya kwa idadi ya vituo vilivyofungwa. Kesi zitakapofika mahakamani nitasoma hati za mashtaka nikitafuta jambo moja: kama yumo hata mtu mmoja aliyekaa upande wa kulipa, aliyeona akina mama wa kituo kizima wakipasuliwa mwezi baada ya mwezi na akabonyeza kitufe cha kuidhinisha.